Vigo au Revo? Igonge chasisi kwanza

SWALI

Assalaam alaykum mwalimu,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Malindi. Ninalo pikapu, Hilux Vigo la mwaka 2010, dabo kebini, injini ya dizeli lita 2.5, gia za mkono. Limeshatembea kilomita 318,000. Alfajiri hupakia samaki Ngomeni na kuwaleta mjini, na mara nne kwa wiki hushuka nao hadi Mombasa. Kwa mwezi hupiga kilomita 5,000 hivi. Nyuma kuna sanduku la barafu. Sikukuu zikifika, gari ni hilohilo la kubebea mke na watoto, ndiyo maana singo kebini haitanifaa.

Siku hizi nikiliwasha asubuhi linagonga na kutoa moshi mweupe kwa dakika tatu nne, kisha linatulia. Likiwa na mzigo, nikitaka kulipita lori njia ya Kilifi, ghafla linakata nguvu na taa ya injini inawaka. Nikiegesha, nikalizima na kuliwasha tena, nguvu zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Oili nayo huongeza lita moja kila kilomita 3,000. Mwezi uliopita fundi alipoingia chini aliniita nione tundu kwenye chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, nyuma upande wa kushoto. Kidole kinapita. Amenihesabia hivi: injekta (vipulizia dizeli) nne mpya 140,000, tabo (kipuliza hewa cha injini) 65,000, klachi 38,000, kuchomelea chasisi 42,000. Jumla shilingi 285,000.

Ndugu zangu wanasema pesa hizo ni za kumwaga baharini, ninunue Revo, Hilux ya toleo lililofuata Vigo. Nimeona mbili. Ya kwanza ni ya 2019, lita 2.4, otomatiki, imeshuka bandarini kutoka Japani na kilomita 68,000, bei milioni 4.6. Ya pili ni ya 2017, lita 2.4, gia za mkono, iliuzwa mpya hapahapa Kenya, kilomita 142,000, bei milioni 3.6. Vigo langu nimeahidiwa milioni 1.5, na akiba ninayo 900,000. Pengo nitalijaza kwa murabaha, ule mkopo wa Kiislamu, ya miaka mitatu: ya Japani nitalipa 82,000 kwa mwezi, ile nyingine 45,000. Dalali wa gari la Japani ananiambia dizeli nitakayookoa itanilipia sehemu kubwa ya deni, na anataka amana ya 200,000 kabla ya Ijumaa.

Nitengeneze au ninunue? Na nikinunua, ipi?

Mchuuzi wa Ngomeni

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Fundi wako amekuletea hesabu moja yenye magonjwa mawili ndani yake, na hapo ndipo unapochanganyikiwa. Injekta, tabo na klachi ni vipuri. Vinachoka, vinatolewa, vinawekwa vingine, na gari linaendelea na maisha. Chasisi si kipuri. Ndiyo gari lenyewe, na ndiyo yenye namba iliyoandikwa kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari. Kwa hiyo usilipe hata shilingi moja ya injini kabla hujajua hali ya chasisi. Shilingi 42,000 za kuchomelea, ambazo umezitaja mwisho, ndizo zitakazoamua zile 243,000 nyingine.

Tundu moja linalopitisha kidole halijawahi kuwa moja. Chuma cha chasisi kimekunjwa kama sanduku, na kutu ya gari la samaki huanza ndani ya sanduku hilo ikatoka nje. Unapoona tundu, ndani pameshaliwa eneo kubwa zaidi. Sababu yako ni mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni maji ya barafu iliyoyeyuka yakichanganyika na utelezi na damu ya samaki: yanamwagika kwenye bodi ya nyuma, yanapita kwenye matundu na maungio, yanaangukia chasisi. Ya pili ni njia yenyewe, maana kutoka Gongoni hadi Ngomeni unapita eneo la mashamba ya chumvi, na vumbi la huko lina chumvi ndani yake. Chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani yetu haikaukiwi. Kwa hiyo hata gari likilala uani bila kuguswa, pale palipokaa chumvi pana majimaji usiku kucha na kutu inaendelea kula.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Liinue gari kwenye shimo au kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Oshea chasisi kwa maji ya mfereji, iache ikauke siku nzima. Chukua nyundo ndogo ya nusu kilo na bisibisi ndefu ya bapa. Anza mbele nyuma ya gurudumu, gonga kila upana wa kiganja ukielekea nyuma, upande wa nje, wa ndani na wa chini. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, kama kugonga mkebe uliojaa mchanga, na magamba hudondoka. Kila sauti inapokufa, choma kwa bisibisi kwa nguvu. Isipopita, piga mswaki wa waya uone kama pamebaki chuma au unga wa kahawia.

Sehemu za kukaa nazo muda mrefu ni hizi: pale chasisi inapopinda kwenda juu kupita ekseli ya nyuma, mikono inayoshika springi mbele na nyuma ya ekseli, maeneo yaliyofichwa juu ya tangi la dizeli, na kila mahali palipo na bomba la breki lililofungwa kwa klipu, maana klipu hushika matope ya chumvi. Mabomba ya breki yenyewe yapitishie kidole. Ukihisi vipele vya kutu, yabadilishwe wiki hiyohiyo, ununue Revo usinunue.

Sasa hukumu. Kama tundu liko kwenye kiungo cha kukingama cha nyuma kabisa, karibu na bampa, au ubavuni mbali na springi, na pembezoni mwake nyundo inalia vizuri, chasisi inatengenezeka. Kama liko kwenye mkono wa springi au juu ya ekseli, pima ukubwa wa eneo bovu. Likipita shibiri moja, au ukikuta upande wa kulia nako kumeanza mahali palepale, usichomelee. Hapo ndipo uzito wote wa sanduku la barafu unapoegemea kila unapopita tuta. Kiraka kitashika miezi michache, kisha chuma kilichodhoofika pembeni ya kiraka kitapasuka, na springi ikiachia gari liko mwendo wa 90 njiani Kilifi, gurudumu la nyuma linageuka lenyewe. Na sikukuu humo mnakuwamo wewe, mke na watoto. Kuhamishia bodi kwenye chasisi nyingine ya kuukuu nako nakukataza, maana namba ya chasisi haitalingana na logibuku na utaingia kwenye matatizo na NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, yasiyo na kichwa wala miguu.

Ikitengenezeka, mwambie fundi wa kuchomelea mambo haya kabla hajagusa. Akate kutu yote mpaka afikie chuma cheupe. Asiweke kiraka juu ya kutu. Bamba liwe na unene usiopungua ule wa chasisi, milimita 3 hadi 4, lipite eneo bovu kwa vidole vinne kila upande, na ncha zake zikatwe kwa mshazari. Kiraka cha mraba chenye mshono uliosimama wima huwa ndiyo mstari wa kupasukia. Vijiti viwe vya aina ya 7018, vikavu. Vile vya kawaida vya geti na dirisha, 6013, si vya kazi hii. Waya zote mbili za betri zitolewe na soketi za kompyuta ya injini zichomolewe, la sivyo umeme wa kuchomelea utaipita kompyuta na utakuwa umenunua ugonjwa wa tatu. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye chasisi karibu kabisa na mahali pa kazi. Ikiisha, rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani ya sanduku ipulizwe nta ya chasisi kupitia matundu ya asili. Matundu hayo yasizibwe. Ndiyo njia ya maji kutoka.

Tuje kwenye injini, kwa kudhani chasisi imefaulu.

Dalili zako ni za sehemu mbili tofauti, na nina shaka na injekta nne mpya kwa mkupuo. Kugonga na moshi mweupe asubuhi, ndiyo, hizo zinaelekea kwenye injekta. Lakini gari linalokata nguvu likiwa na mzigo, likawasha taa, kisha likapona kwa kuzimwa na kuwashwa, mara nyingi lina njaa ya dizeli: filta imeziba, au vali ya kudhibiti dizeli iliyo kwenye pampu ya presha, ile mafundi wanayoiita SCV, inakwama. Kompyuta ikiona presha ya dizeli si ile iliyoagiza, inajilinda kwa kupunguza nguvu. Vali hiyo ni kipuri kidogo na bei yake haikaribii ya injekta nne.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza msimbo usomwe kwa skana kabla taa haijafutwa. Ukiona P1229 au P0087, habari ni ya presha ya dizeli. Badilisha filta ya dizeli, fungua skrubu ya chini ya filta na umwage maji kwenye chupa ya kioo uyaangalie. Maji yakionekana mengi, badilisha pia mahali unaponunulia dizeli. Taa ikirudi, badilisha SCV, na fundi aifute kumbukumbu ya pampu kwenye kompyuta ili ijifunze vali mpya. Wengi huiruka hatua hii kisha husema kipuri ni feki.

Ndipo uje kwa injekta, moja moja. Injini ikiwa na joto, bila mzigo, skana inaonyesha kila silinda inasahihishwa kiasi gani cha dizeli. Injekta ambayo usahihisho wake unapita milimita za ujazo 3 juu au chini imechoka. Kisha kipimo cha marejeo: mipira ya kurudisha dizeli ya kila injekta ielekezwe kwenye chupa yake, injini iungurume dakika chache, chupa zilinganishwe. Yenye mara mbili ya wenzake ndiyo mgonjwa. Inawezekana ukabadilisha mbili tu. Injekta mpya ina herufi na namba kichwani, na lazima ziingizwe kwenye kompyuta kwa silinda yake. Bila hivyo injini itagonga vilevile na pesa zimekwenda.

Na hata injekta zikipimwa zikaonekana nzima, zitolewe zibadilishwe washa, yaani pete ndogo za shaba zilizo chini yake. Injini hizi za dizeli za Toyota ziitwazo D-4D, lita 2.5 na 3.0, zina udhaifu huo unaojulikana: washa ikivuja, moto wa silinda hupanda juu, oili inageuka kuwa kama lami, na lami hiyo hushuka kuziba kichungi kilicho ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Kwa kuwa gari lako lina kilomita 318,000, sampu ishushwe, kichungi kioshwe. Ni kazi ya nusu siku, na ndiyo inayoiokoa injini yote.

Tabo usiibadilishe kwa kusikia. Bomba la hewa litolewe, shafti ishikwe kwa vidole. Kuchezacheza kidogo juu na chini ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au ncha za mapanga zikiwa zimegusa ukuta, imekwisha. Lita moja ya oili kwa kilomita 3,000, kwa injini ya umri huo inayobeba mzigo, haitoshi kuihukumu. Klachi nayo iache mpaka iteleze: weka gia ya nne ukiwa mwendo wa 40 na mzigo nyuma, kanyaga. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari halipandi, ndipo.

Kuna kitu fundi hakukitaja, nacho kinatangulia vyote hivyo: mkanda wa taimingi. Injini hii hutumia mkanda wa mpira, na muda wake ni kilomita 150,000. Ungetakiwa kubadilishwa mara ya pili kwenye 300,000. Kama huna risiti wala kibandiko kinachosema lini, hesabu kuwa haujabadilishwa. Ukikatika, pistoni na vali zinagongana na kichwa cha injini kinakwenda. Badilisha mkanda pamoja na kikazio chake na beringi yake, na pampu ya maji iangaliwe ikiwa wazi hapohapo.

Ukifuata mpangilio huu, naona bili yako ikishuka chini ya ile 285,000. Lakini hata ikibaki palepale, iweke kando ya 82,000 za kila mwezi. Ni malipo ya miezi mitatu na nusu. Vigo lenye chasisi nzima likikupa miaka miwili mingine, utakuwa umekwepa malipo ya 1,968,000 kwa kutumia 285,000, na akiba yako ya 900,000 itakuwa imekua badala ya kumezwa.

Kuhusu dizeli, dalali wako ama hajui hesabu ama hataki uipige. Kilomita 5,000 kwa mwezi, Vigo likienda kilomita 11 kwa lita, ni lita 455. Revo likienda 12, ni lita 417. Tofauti ni lita 38. Tuseme lita ni shilingi 170: umeokoa 6,500 hivi kwa mwezi, dhidi ya deni la 82,000. Revo linanunuliwa kwa sababu nyingine, siyo hiyo.

Sababu nyingine zipo, na ni za kweli. Injini yake ya lita 2.4 hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Springi za nyuma ni ndefu zaidi na zimesogezwa nje, kwa hiyo halilali sana kwenye kona na mzigo ukiwa juu. Nguvu ya kuvuta inapatikana mizunguko ikiwa chini, jambo utakalolihisi unapolipita lori. Ndani kuna utulivu na viti ni bora, na watoto watakushukuru. Ila usitegemee nafasi zaidi ya samaki. Umbali wa magurudumu ya mbele na nyuma ni uleule, milimita 3,085, na bodi ya nyuma ya dabo kebini imebaki mita moja na nusu hivi. Sanduku lako la barafu litakuwa lilelile, tani zako zilezile, mapato yaleyale. Hilo lifikirie sana kabla ya kutia saini deni la miezi 36.

Kama chasisi imefeli, basi huna budi kubadilisha, na kati ya yale mawili chagua la 2017 la gia za mkono, lililouzwa hapa.

La Japani si gari baya. Ni gari la mazingira mengine. Hilux ilirudi kuuzwa Japani mwaka 2017 baada ya miaka mingi ya kutokuwepo, na sheria za moshi za huko ni kali, kwa hiyo limewekewa kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile DPF, na pia tangi la AdBlue, maji ya urea yanayopulizwa kwenye ekzosi. Kichujio hukusanya masizi kisha huyachoma chenyewe kwa joto la karibu nyuzi 600. Dizeli halali ya Kenya, ya salfa isiyozidi 50 kwa milioni tangu 2015, inaweza kuishi nacho. Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa haiwezi. Oili nayo lazima iwe ya majivu machache, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiweka oili ya kawaida ya lori, majivu yake hayachomeki na yanabaki kichujioni daima. AdBlue ikikauka kabisa tangini, ukizima injini haiwaki tena, na maji ya mfereji hayawezi kuwa badala yake. Hebu fikiria hilo likikukuta Ngomeni saa kumi na moja alfajiri, samaki wako kwenye barafu.

Wala si jambo la kudhania kwamba vichujio hivi vinaweza kusumbua. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo wa DPF kwenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro. Injini za magari hayo ni za ukoo mmoja na hili unaloonyeshwa. Muuzaji akikuambia atakitoa kichujio na kuidanganya kompyuta, jua unanunua gari ambalo kila fundi atakayelisoma baadaye atasoma uongo.

Lile la 2017 lichunguze hivi. Chasisi kwa nyundo, kama ulivyofanya kwako, maana limeishi Kenya na hujui lilikuwa la nani. Kama lilikuwa Mombasa au Kilifi, ongeza dakika. Ingia chini uangalie kwenye ekzosi kama lina kichujio au halina, usikubali neno la mdomo. Fungua sanduku la filta ya hewa, pitisha kitambaa cheupe upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Vumbi laini likionekana hapo, limekuwa likipita filta na kukaa kwenye sensa ya hewa, na gari hukata nguvu kama lako. Ni malalamiko yaliyojulikana kwa Revo za miaka ya mwanzo kwenye nchi za vumbi, na kwetu njia za Baolala na Jilore zina vumbi la kutosha. Sikiliza cheni injini ikiwa baridi: mkwaruzo wa sekunde mbili unaoisha si tatizo, unaoendelea ni tatizo. Omba risiti za oili. Injini hii huchukua lita 7 na nusu, na kwa kazi yako ibadilishe kila kilomita 5,000, kwa sababu cheni inaishi kwa oili safi. Ukikuta nyaya za nyuma zina soketi zenye ukungu wa kijani, za sensa za breki hasa, shusha bei.

Na sasa jambo ambalo ningekuwa na wewe uso kwa uso ningelirudia mara mbili. Usipoyashika yale maji ya barafu, Revo lolote litaoza kama Vigo lilivyooza. Wiki hii, kwenye gari ulilonalo, toboa sanduku la barafu sehemu ya chini kabisa, funga koki ya inchi moja, vuta mpira mpaka upite bampa ya nyuma, na ufungue koki unapofika mahali panaporuhusiwa kumwaga. Ukipenda, weka mtungi wa lita 20 wa kuyapokea. Plastiki ya kutandika kwenye bodi itoe, kwani chumvi inajificha chini yake usiione. Kila jioni oshea chini kwa maji ya mfereji kwa dakika kumi, na uingize mpira kwenye matundu ya chasisi mpaka maji yatoke safi. Maji ya kisima yenye chumvi usitumie. Ni kama kuosha kidonda kwa maji ya bahari kila siku. Nta ya chasisi ipulizwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Oili chafu ya injini isipakwe, maana huvimbisha mpira wa bushi na kuuharibu.

Amana ya Ijumaa usitoe. Ukiamua lile la 2017, fanya kwanza utafutaji wa gari kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki iliyoandikishwa pamoja naye. Kisha linganisha namba ya chasisi na ile iliyochongwa kwenye chuma, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Ichunguze na kwenye Vigo lako pia kabla ya kuliuza. Ikiwa kutu imeanza kuila, isafishe taratibu kwa kitambaa na mafuta, usiipige msasa, kwa sababu mnunuzi wako naye atakuja na tochi kuitafuta.